Kutoka Ujuzi Hadi Ujanja: Safari ya Neno Moja la Kiingereza



Muhula huu, katika somo la historia ya Kiingereza, tulikutana na Esau, ndugu yake Yakobo. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 inamwita mwindaji “cunning”. Tukacheka. Katika Kiingereza tulichokulia hapa Uingereza, neno hilo ni la mbweha na tapeli, mtu anayekuzunguka bila wewe kujua. Tena katika hadithi ile aliyemdanganya baba yake ni Yakobo, si Esau!

Tulipofuatilia tukagundua kwamba kosa lilikuwa letu. Neno hilo lina asili moja na kitenzi cha Kiingereza cha kale “cunnan”, yaani kujua. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa “can”, yaani kuweza. Katika karne ya 14 mtu aliyeitwa “cunning” alikuwa mjuzi, msomi au fundi stadi. Kwa hiyo Esau alikuwa anasifiwa: aliijua kazi ya kuwinda. Biblia hiyohiyo inamsifu hivyo Daudi kwa kupiga kinubi. Lakini tafsiri iliyotolewa Marekani mwaka 1952 iliwapa wote wawili neno “skilful”, yaani stadi, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limekwisha kuharibika.

Liliharibikaje? Kufikia mwisho wa karne ya 16, maana ya hila ilikuwa imeshaingia. Mwaka 1612 Francis Bacon alichapisha insha kuhusu tabia hiyo, akaitenga na hekima ya kweli. Vijijini nako kulikuwa na watu walioitwa “cunning”, ambao wengine walikwenda kwao kutibiwa, kuaguliwa au kutafutiwa mali iliyoibwa. Mmoja aliyejulikana sana ni James Murrell, fundi viatu wa Hadleigh, Essex, aliyefariki mwaka 1860. Watu wa namna hii walihitajiwa na wakaogopwa pia. Sisi tunaona hofu hiyo inasaidia kulielewa neno lenyewe: anayejua usilolijua anaweza kukusaidia, na anaweza pia kukugeuka.

Kiswahili chetu kinaijua hofu hiyo. Kutokana na kujua tumepata mjuzi, ambaye ni mtu wa heshima. Tumepata pia mjuaji, anayejifanya anajua kila kitu, na mjuvi, asiye na adabu. Halafu yuko mwerevu. Shuleni mwanafunzi mwerevu hupewa zawadi. Lakini wazee wanasema, “Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.” Kwa nini awe mashakani, kama hakuwa akila kwa ujinga wa mwenzake? Methali hiyo inamtazama mwerevu kwa jicho lilelile ambalo Waingereza walianza kumtazamia mtu “cunning”.

Jambo hili linatuhusu sisi watoto wa wahamiaji kuliko tulivyodhani. Wengi wetu tulikuwa wakalimani wa nyumbani tangu tukiwa na miaka minane au tisa. Barua ya daktari, bili ya umeme, fomu ya nyumba, zote zilipitia kwetu. Mmoja wetu aliwahi kumsomea mama yake barua ya shule kuhusu utoro. Alipofika kwenye idadi ya siku alizokosa, akairuka, akasoma salamu za mwisho kwa sauti nzuri. Mama akamshukuru, akamwongezea chai. Miaka mingi baadaye alipokiri, mama hakugomba. Alisema tu, “Mwanangu, nilikupeleka shule uwe mjuzi, ukarudi mjanja.”

Mama huyo hajasoma historia ya Kiingereza, lakini kwa sentensi moja alitueleza safari ya karne kadhaa. Elimu ya yule mtoto ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni alichomfanyia nacho mtu aliyemwamini. Leo jamaa zetu wanatuita wasomi, na bado wanatuletea barua zao tuwasomee. Jina hilo nalo laweza kuharibika mikononi mwetu, tukianza kuruka mistari.

Tunawaomba wanachama mtuletee maneno ya nyumbani kwenu yaliyogeuka namna hii, tuyajadili katika kikao kijacho.