Kivuli cha Haki ya Mwenyeji

Kanisa la Bethel mjini The Hague lilianza ibada tarehe 26 Oktoba 2018 na halikuimaliza hadi 30 Januari 2019. Ndani mlikuwa na familia kutoka Armenia iliyoamriwa kuondoka Uholanzi. Sheria ya nchi hiyo inawazuia maafisa wa serikali kuingia mahali pa ibada wakati ibada inaendelea. Basi ibada ikaendelezwa. Mamia ya wachungaji walipokezana zamu usiku na mchana, wengine wakitoka nchi jirani. Siku 96 zilipotimia, vyama tawala vilikuwa vimekubali kesi za watoto wa namna hiyo zipitiwe upya.

Lakini sheria hiyo humlinda nani? Humlinda anayesali asivurugwe. Mgeni amejibanza tu kwenye kivuli cha haki ya wenyeji wake.

Zamani haikuwa hivyo. Katika Uingereza ya zama za kati, hata mwizi au muuaji akiwahi kuingia kanisani alipata siku 40, na mahali penyewe ndipo palipomkinga. Bei yake ilikuwa kali: kukiri mbele ya afisa wa mfalme, kuapa kuihama nchi, kisha kutembea hadi bandarini akishika msalaba. Yaani hifadhi iliishia kwenye uhamisho, jambo lile lile ambalo mkimbizi wa leo analikimbia! Bunge liliifuta mwaka 1624. Kuhusu Makka nako, mwanafikihi Abu Hanifa alishikilia kwamba muuaji aliyekimbilia Haram, eneo takatifu la mji huo, asiuawe humo. Asiuziwe chakula wala asisemeshwe, mpaka atoke mwenyewe. Wanafikihi Malik na Shafii hawakukubaliana naye.

Marekani ilichagua njia nyepesi zaidi: waraka. Tangu 2011 idara ya uhamiaji, ICE, ilijizuia kukamata watu shuleni, hospitalini, makanisani, hata mazishini na harusini, na mwaka 2021 orodha ikarefushwa. Trump aliporejea madarakani Januari 2025, waraka mwingine ukaifuta. Waquaker, ndugu wa imani wa Kanisa la Marafiki la Kaimosi nchini Kenya, wakaenda mahakamani. Jaji Theodore Chuang wa Maryland akaweka zuio, ila kwa nyumba za ibada za walioshtaki tu, na kwa hoja ya uhuru wa waumini. Ni kivuli kile kile cha The Hague.

Jimbo la New York lilitunga sheria kabisa mwaka 2020: anayekwenda mahakama ya jimbo, aliyemo au anayetoka asikamatwe kwa suala la uhamiaji bila hati ya jaji. Hati iliyotiwa saini na afisa wa ICE haitoshi. Hapo pia kinacholindwa kwanza ni mahakama, maana shahidi akiogopa kufika, kesi imekufa. Mimi naiamini sheria finyu kama hiyo kuliko waraka mpana wenye huruma.

Hospitalini hamna ibada ya kujificha nyuma yake. Kinachobaki ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayolinda sehemu zisizo wazi kwa umma. Afisa huweza kuingia mapokezi kama mtu mwingine yeyote. Kupita mlango wa wodi kwa kawaida kunahitaji ridhaa au hati ya jaji. Mgonjwa anayesubiri kuitwa, kadi mkononi, bado yuko upande usiolindwa.