Habari za Randa

Neno randa asili yake ni Kiajemi, nalo latumika hata Uhindini. Kwetu limezaa neno maranda, yaani vile vipande vyembamba vya mti viangukavyo miguuni pa seremala. Lakini chombo chenyewe ni cha kale sana. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, zilifukuliwa randa za mafundi wa Kirumi. Chuma chake chenye makali kilikazwa kwa kabari, na desturi hiyo ilidumu hata karne ya 19, Leonard Bailey wa Marekani alipobuni randa ya kurekebishwa kwa skurubu. Kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869.

Basi tukiona randa ya kale imeota kutu, tusiitupe. Mara nyingi kutu imekula juu tu. Na ifunguliwe, isuguliwe kwa mafuta, uso wake wa chini unyoshwe, na chuma kinolewe barabara.

Ila ikiwa ni ya mti, tusiikwangue kupita kiasi. Huko Uingereza mafundi walikuwa wakigonga majina yao kwenye kichwa cha randa, na aliyeirithi hugonga lake kando. Wengi wao hawakuandikwa katika kitabu cho chote. Tukiifuta alama ile kwa kutaka ing'ae, twawafuta na wenyewe.