Umri wa Jembe na Umri wa Kura

Aghalabu watu hudhani kwamba umri wa kupiga kura umewekwa na maumbile, kama umri wa kuota meno. Historia haikubali. Uingereza ilishusha kiwango chake kutoka miaka 21 hadi 18 kwa sheria ya 1969. Marekani ikafuata 1971, ilipoonekana aibu kuwapeleka Vietnam vijana wasioruhusiwa kuwachagua waliowapeleka. Austria ilifika 16 mwaka 2007. Kwetu Tanzania, Katiba ya 1977 humpa haki hiyo raia aliyetimiza miaka 18. Nauliza kama kijana wa miaka 16 wa Shinyanga au Geita hunyimwa kura kwa hoja, au kwa mazoea tu.

Usukumani, kabla ya kura za karatasi, vijana walikuwa na sauti. Wazee, banamhala, walikuwa na baraza lao. Basumba, yaani vijana, walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale, ambaye aliwaongoza katika kulima mashamba kwa pamoja. Nisitie chumvi: miongoni mwa basumba walikuwamo pia wanaume wenye wake na watoto, kwa maana usumba ulikuwa daraja zaidi ya hesabu ya miaka. Walakini aliyeshika jembe pamoja na wenzake alikuwa na neno katika mambo ya kundi lake.

Serikali ya Kiingereza ilileta kipimo kingine. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa awe na miaka 21, tena awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kilichotambuliwa. Mkulima wa pamba wa Geita, mwenye mvi na wajukuu, akawa mtoto mbele ya sheria. Mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo hawakuliomba. Walikwenda Mwanza kwa wingi kupeleka malalamiko, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Walioambiwa hawajakomaa kuchagua walionyesha kwamba wanajua barabara wanachokikataa. Mwaka 1960 kipimo kilipunguzwa: pauni 75, au kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 masharti ya pato na elimu yaliondolewa kabisa. Nchi haikuharibika.

Sasa tutazame machimbo. Sheria ya kazi ya 2004 humruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, na humkataza aliye chini ya 18 kufanya kazi mgodini. Katazo hilo halikuzuia. Taarifa ya Human Rights Watch ya 2013 ilieleza juu ya watoto waliofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakiponda mawe na kushika zebaki. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilimwacha msichana aolewe kwa miaka 15, hata Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikatamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba. Mtoto huyo alionekana mkubwa kwa mzigo, mdogo kwa neno.

Ipo hoja nzito dhidi yangu: kijana anayekula kwa mwenye duara atapiga kura kwa amri yake. Siidharau. Lakini mtu mzima anayekula kwa mwenye duara huyo huyo yumo katika hatari ile ile, na kinga yake ni kura ya siri. Ama hoja kwamba kijana hana elimu, hiyo ni pauni 150 iliyovaa kanzu nyingine.

Mimi ningeanzia padogo, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji. Hapo kijana wa miaka 16 humjua mgombea na ukoo wake, hujua mwalo upi wa kuoshea dhahabu unamwaga tope mtoni, na kisima kipi kiliahidiwa kisichimbwe.