Madhara ya chanjo kwa mbwa wadogo: Mfugaji afahamu nini

KATIKA kata ya Ngana, wilayani Kyela, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mbwa ni mlinzi wa nyumba na mali. Wengi ni wa kienyeji, wenye umbo dogo au la wastani. Kwa hiyo, suala la madhara ya chanjo kwa mbwa wadogo linawagusa pia wafugaji wa vijijini, si wale tu wanaofuga mbwa wa kigeni mijini.

Chanjo hufanya kazi kwa kuamsha kinga ya mwili. Ndiyo maana mbwa aliyechanjwa anaweza kuwa mchovu, kupoteza hamu ya kula au kupata homa kidogo kwa siku moja au mbili. Uvimbe mdogo unaweza pia kutokea palipochomwa sindano. Hali hizo kwa kawaida huisha zenyewe.

Kinachohitaji tahadhari ni mzio, ambao huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Dalili zake ni kuvimba uso na macho, vipele vinavyowasha, kutapika mfululizo, kuharisha, kupumua kwa shida, ufizi kupauka na mbwa kuanguka. Mbwa wa namna hiyo apelekwe mara moja kwa mtaalamu wa mifugo, ambaye anaweza kumchoma sindano ya adrenalini.

Utafiti uliofanyika Marekani kwa kutumia kumbukumbu za mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliochanjwa mwaka 2002 na 2003 ulibaini kuwa takriban mbwa 38 kati ya kila 10,000 walipata madhara ndani ya siku tatu. Kadiri mbwa alivyokuwa mwepesi, ndivyo uwezekano ulivyoongezeka. Kwa mbwa wasiozidi kilo 10, kila chanjo iliyoongezwa katika siku hiyohiyo ilizidisha uwezekano huo kwa asilimia 27, wakati kwa mbwa wakubwa ilikuwa asilimia 12.

Hata hivyo, kupunguza dozi kwa sababu mbwa ni mdogo si suluhisho. Dozi ya chanjo haipimwi kwa uzito kama ilivyo kwa dawa nyingi. Nusu dozi inaweza kumwacha mbwa bila kinga, huku mwenye mbwa akiamini kuwa amekingwa. Lililo salama ni kutenganisha siku za chanjo tofauti, kubaki karibu na mchanjaji kwa nusu saa baada ya sindano, na kumweleza mapema iwapo mbwa aliwahi kupata mzio.

Kuacha kabisa kuchanja ni hatari kubwa zaidi. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu daima huishia kifo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa takriban watu 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kila mwaka nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili kukata maambukizi.

Kwa mfugaji wa Ngana, uvimbe wa siku chache begani mwa mbwa ni gharama ndogo ikilinganishwa na maisha ya mtoto aliyeng'atwa.