Nepi ya Mtoto na Maji ya Nzoia

Vitabu vya historia hutueleza jinsi Wabukusu walivyopigana katika ngome ya Chetambe mwaka 1895, jinsi reli ilivyopita nchi yetu katika miaka ya 1920, na jinsi uhuru ulivyopatikana mwaka 1963. Havituelezi ni nani aliyefua nguo za watoto waliozaliwa katika miaka hiyo yote, kwa maji ya wapi na kwa sabuni gani. Walakini hapana nyumba iliyojaliwa mtoto ambayo haikuijua kazi hiyo. Katika insha hii nataka kufuata historia ya kitambaa kimoja kidogo, yaani nepi, hapa Webuye na katika vijiji vinavyouzunguka mji huu. Kitambaa hiki kikifuatwa kwa subira humfikisha mtu mbali: Unguja, Marekani, Kitale, na mwisho katika madawati ya shule zetu wenyewe.

Neno lenyewe ni la Kiingereza. Waswahili wa pwani walikuwa na neno winda, maana yake nguo ipitishwayo kati ya miguu na kufungwa kiunoni, iwe ya mtu mzima au ya mtoto. Huku bara, kabla ya nguo za pamba kuenea, mama alimbeba mwanawe mgongoni kwa ngozi laini, akazijua dalili zake. Mtoto alipojinyonganyonga, mama alimshusha na kumpakata juu ya miguu yake mpaka amalize haja, kisha akampangusa kwa majani. Mtu wa leo anaweza kudhani kwamba haya ni masimulizi ya kukhu anayeisifu ujana wake. La hasha. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, walichapisha habari za Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao mama zao huanza kumzoeza mtoto katika majuma yake ya kwanza. Waliona kwamba watoto wengi wa Kidigo waliweza kukaa wakavu mchana na usiku wakiwa na umri wa miezi mitano au sita, wakati ambapo madaktari wa Marekani walikuwa wakifundisha kwamba jambo hilo haliwezekani kabla ya mwaka mmoja na nusu. Basi nepi haikuja kujaza pengo lililokuwa wazi. Ilikuta desturi nyingine iliyokwisha kufanya kazi hiyo kwa maji machache sana.

Kitambaa kilifika kabla ya nepi. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Mkataba wao na Sayyid Said ulifanywa mwaka 1833, na watu wakaiita nguo hiyo amerikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, viwanda vya Bombay viliishika nafasi, lakini jina halikubadilika. Misafara iliichukua amerikani bara, reli ikaichukua kwa wingi zaidi, na maduka ya Wahindi yaliyofunguliwa kando ya reli yakaiuza kwa yadi. Amerikani ilivaliwa kwanza na watu wazima. Ilipochakaa na kulainika ndipo ilipochanwa vipande kwa ajili ya mtoto, kama leso kuukuu ichanwavyo hata leo. Katika nyumba zetu nepi nyingi zilianza maisha yao zikiwa kitu kingine.

Nepi iliyonunuliwa kwa jina hilo na kutumika kwa kazi hiyo tu iliingia kwa mlango wa walowezi. Mashamba ya Kizungu yalienea Trans Nzoia, na Kitale ukawa mji wao. Katika nyumba zile kulikuwa na yaya wa kumlea mtoto na dobi wa kufua nguo; maneno yote mawili yametoka India pamoja na desturi ya kuwaajiri watu hao. Hapa liko jambo la kufikiriwa. Dobi wa mlowezi kwa kawaida alikuwa mwanamume, naye alifua, akachemsha, akaanika, akapiga pasi, akalipwa mshahara wa mwezi. Mwanamume yuleyule aliporudi kwao likizo hakuigusa nepi ya mwanawe, kwa kuwa nyumbani kufua kulihesabiwa kuwa kazi ya mwanamke, na tena bila mshahara. Sioni kwamba kazi yenyewe ilibadilika njiani kati ya Kitale na kijijini. Kilichobadilika ni malipo.

Mlango wa pili ulikuwa shule na misheni. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu watakaoendeleza vijiji, na wake zao walifundishwa pamoja nao kazi za nyumbani na ulezi wa watoto. Mwaka 1952 Maendeleo ya Wanawake yalianzishwa, na katika vikundi vyake wanawake walijifunza kushona, kupika, na usafi wa mtoto. Mashauri ya Kiingereza ya siku zile yalizoea kutaja dazeni mbili za nepi kwa mtoto mmoja, za kitambaa cha taulo, pamoja na pini yenye kifuniko, ile aliyoibuni Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849 na kuiuza haki yake kwa dola 400. Mke wa mwalimu labda aliweza kuzinunua dazeni hizo. Jirani yake aliridhika na vipande sita na fundo.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, maana watu wengi huidharau kwa kutoijua. Nepi yenye kinyesi haitupwi moja kwa moja katika beseni. Kwanza kinyesi hukung'utwa chooni, wala si kichakani, kwani kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, ijapokuwa watu wengi hukiona hakina madhara. Kisha nepi hulowekwa katika maji baridi. Anayeanza kwa maji ya moto hujiletea taabu, kwa sababu moto huigandisha protini iliyomo katika uchafu, na doa likashika katika nyuzi. Baada ya kulowekwa hufuliwa kwa sabuni ya kipande, huchemshwa katika sufuria au debe, halafu husuuzwa mara mbili au zaidi. Kusuuza ndiko kunakopuuzwa mno. Sabuni iliyobaki katika kitambaa huiwasha ngozi ya mtoto, naye mama akiona wekundu hudhani kwamba hakufua vya kutosha, akaongeza sabuni.

Wekundu huo umewasumbua wataalamu pia. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Marekani, J. V. Cooke, alieleza kwamba kuna vijidudu katika nepi vinavyougeuza mkojo kuwa amonia, ile harufu kali inayochoma pua asubuhi, na kwa muda mrefu amonia ililaumiwa peke yake. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mambo yamefungamana zaidi: unyevu hulainisha ngozi, na mkojo ukikutana na kinyesi huzipa nguvu kemikali za kinyesi zinazoila ngozi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kubadilisha nepi upesi. Shauri hilo ni rahisi kulitoa, lakini kila nepi inayobadilishwa ni nepi ya kufuliwa.

Baada ya kusuuza huja kuanika. Hapa Webuye mvua huzoea kunyesha alasiri, hivyo mwenye kufua huamka mapema ili jua la asubuhi lisimpite. Jua hukausha, huondoa doa, na huua vijidudu. Lakini lazima kitambaa kitundikwe kambani mahali peupe, kisitandazwe juu ya majani wala kivulini. Yuko inzi mmoja wa Afrika, aitwaye na wataalamu Cordylobia anthropophaga, apendaye kutaga mayai juu ya mchanga wenye mkojo na juu ya nguo mbichi zilizo kivulini. Mayai hayo huanguliwa kwa siku chache, na funza wake akigusa ngozi huipenya, akakaa humo kwa muda wa juma moja au zaidi akifanya jipu. Nepi ambayo haikutakata vizuri, ikaanikwa kivulini, ni mahali pa kumfurahisha sana. Ndiyo sababu nepi hupigwa pasi kila upande pamoja na mishono, kwa pasi ya makaa iliyo moto barabara. Nimewasikia vijana wakisema kwamba kupiga pasi nepi ni maringo ya watu wa mjini. Funza akishamwingia mtoto maneno hayo husahauliwa.

Katika mafunzo yote ya ulezi, jambo moja lilipita kama kwamba lipo tu: maji. Mwaka juzi niliwapa wanafunzi wangu hesabu. Mtoto mchanga huchafua nepi kumi au zaidi kwa siku. Tuseme kulowekea ni lita 10, kufulia lita 10, na kusuuzia mara mbili lita 20. Jumla ni lita 40, yaani madebe mawili ya lita 20, yenye uzito wa kilo 40. Kwa siku 30 ni lita 1,200, na uzito wake unazidi tani moja. Wavulana walicheka, wakidhani nimekosea nukta. Wasichana hawakucheka. Mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, hujahesabu maji ya kuoga mtoto."

Mto Nzoia hauna uhaba wa maji. Hutoka katika milima ya Cherang'ani, hupokea mito mingine ya Mlima Elgon, huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole, ambayo Wazungu waliyaita Broderick Falls na kuupa mji wetu jina hilo hadi baada ya uhuru, kisha huenda zake Ziwa Victoria. Lakini maji ya mto yako bondeni, na nyumba ziko juu. Kati ya mto na nyumba ilikuwako shingo ya mtu, na mara nyingi sana ilikuwa shingo ya msichana. Mama aliyejifungua alipaswa kupumzika, baba hakuteka maji, kaka alikwenda shule. Dada mkubwa, mwenye miaka minane au kumi, ndiye aliyekuwa mlezi. Alimbeba mtoto, aliteka maji, alifua. Shule alikwenda siku ambazo mtoto hakuharisha. Tukiuliza kwa nini wasichana walikuwa wachache katika madarasa ya juu ya wakati ule, sababu ni nyingi, kama karo, ndoa za mapema, na mawazo ya wazazi. Lakini mimi naamini debe la maji ya nepi lina haki ya kutajwa pamoja na hizo.

Juu ya mzigo huo kulikuwa na hukumu. Nepi nyeupe kambani zilionekana na wapita njia wote, na mwanamke alisifiwa au kusengenywa kwazo. Mwenye nepi za rangi ya udongo aliitwa mvivu. Mara nyingi alikuwa mwanamke akaaye mbali na chemchemi, asiye na binti, na aliyefulia maji ya mto katika msimu wa mvua, wakati Nzoia huwa kama uji wa wimbi. Wakaguzi wa usafi waliweza kuhesabu nepi zake, bali sijui kama waliuliza ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi majini.

Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi mjini, kikitumia miti ya misonobari na misanduku kutengeneza rojo ya karatasi. Kilileta mishahara na watu kutoka kila upande. Kilileta pia moshi wenye harufu ya mayai yaliyooza, na maji machafu ambayo yalipita katika mabwawa yake kabla ya kuingia Nzoia. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba moshi huo unayala mabati ya paa zao. Ikiwa paa la bati lililalamikiwa, msomaji anaweza kukisia mawazo ya mama aliyeanika nepi chini ya moshi huohuo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, mji ukaingia katika dhiki, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wenyewe wapya.

Wakati huo nepi nyingine ilikwisha kuingia madukani, nayo pia imetokana na mti. Mwaka 1951 Mmarekani Marion Donovan alipata hati ya kifuniko cha nepi kisichopitisha maji, na mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Pampers, nepi ya kutupa iliyotokana na kazi ya mhandisi wake Victor Mills. Ndani yake mna rojo ya mti, ndugu wa ile iliyotengenezwa Webuye, na tangu miaka ya 1980 huongezwa chembe zinazofyonza maji mengi kuliko uzito wake. Vibandani huuzwa moja moja, ili hata mwenye shilingi chache aweze kununua ya usiku mmoja.

Siwalaumu wanaoinunua. Mwanamke anayefungua kibanda chake alfajiri hana asubuhi ya kungojea jua. Wengi hapa hutumia zote mbili: ya kitambaa mchana nyumbani, ya kutupa usiku na safarini. Bomba limefika katika ua wa baadhi ya nyumba, na huko msichana hufua jioni akitoka shule, au kaka yake hufua, jambo ambalo kukhu hulitazama bila kusema neno. Kwingine debe bado hupanda kilima. Na ile nepi ya kutupa ikishalowa huingizwa katika shimo la choo, ambalo hujaa kabla ya wakati wake, au hutupwa usiku kando ya kijito, na mvua ya alasiri huichukua hadi Nzoia.