Kichomeko cha mwanga

Fundi wa mtandao mjini Webuye akikihitaji kifaa hiki husema "SFP" tu, herufi tatu kwa matamshi ya Kiingereza, na muuzaji wa Nairobi humwelewa papo hapo. Watengenezaji walikubaliana umbo lake mwaka 2000, ili moduli ya kampuni moja iingie kwenye swichi ya kampuni nyingine. Kabla ya hapo kulikuwa na GBIC, yenye kazi ile ile lakini karibu mara mbili kwa ukubwa. (Umbo ni la wote, ila baadhi ya watengenezaji wa swichi huzipa programu ya kukagua chapa na kuikataa moduli ya mgeni. Biashara ni biashara.) Mimi nakiita kichomeko cha mwanga.

Ni kipande cha chuma kinachong'aa, urefu wake haufiki sentimita 6, upana sentimita moja na ushee. Upande unaoingia ndani ya swichi una meno ya rangi ya dhahabu. Upande wa nje una matundu mawili yenye kizibo cha mpira, na kishikio cha kukivutia nje. Rangi ya kishikio si urembo: nyeusi kwa kawaida ni mwanga wa nanomita 850, wa masafa mafupi, buluu ni nanomita 1310. Nyuma ya tundu moja kuna leza inayogeuza mapigo ya umeme kuwa mwanga, na nyuma ya la pili kuna kipokezi kinachogeuza mwanga unaoingia kuwa umeme. Huna haja ya kuzima swichi: unachomoa hiki, unachomeka kingine, kazi inaendelea.

Kuchomeka huko ndiko kunakokipa thamani, maana swichi ni ile ile na masafa yanabadilika. Webuye ni mahali pazuri pa kuliona hili. Ndipo barabara ya Eldoret kwenda Malaba inapokutana na ile ya Kakamega kwenda Kitale, na faiba za kuelekea mpaka wa Uganda, zilizopata kazi kubwa baada ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, hufuata barabara. Kichomeko kilichoandikwa LX hufika kilomita 10, kinatosha kuunganisha ofisi mbili za mjini. Kwenda Bungoma, zaidi ya kilomita 20, tafuta cha kilomita 40. Kwenda Kitale, cha kilomita 80. Wala usihesabu kwa vibao vya barabarani, kwa sababu faiba huviringishwa akiba kwenye nguzo na mashimo, na kila kiungo hula mwanga kidogo. Nguvu ikizidi nayo ni balaa. Viwili vya kilomita 80 ukiviunganisha kwa uzi wa mita mbili bila kipunguza mwanga, unaweza kuviunguza vipokezi vyake.

Halafu kuna radi. Aliyeishi Bungoma au Kakamega anazijua mvua za alasiri za huko. Waya wa shaba uliopita kati ya majengo mawili huweza kuubeba mshtuko hadi kwenye swichi hata kama radi imepiga pembeni, na kwa vyovyote waya huo una kikomo cha mita 100. Kioo cha faiba hakipitishi umeme. Shule yenye maabara ya kompyuta ng'ambo ya uwanja ifikirie vichomeko viwili na faiba hata kama haina shida ya kasi, mradi kebo yenyewe isiwe na chuma ndani.

Sasa jina. Wanaokiita "transiva" hawakosei, ila redio ya mawasiliano ya polisi pia ni transiva. Wapenda kuunda watakumbuka mtindo wetu wa kuunganisha kitenzi na yambwa, uliotupa kipazasauti, kinasasauti na kipimajoto. Kwa mtindo huo tungepata "kigeuzamwanga". Lakini mtindo huo una nafasi ya yambwa moja. Kipazasauti hupaza sauti, basi, wakati kifaa chetu hugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme kwa wakati mmoja. Jina linalosema nusu litampotosha mwanafunzi. Ukijaribu kusema yote mawili unaangukia neno la aina ya tarakilishi: vitabuni lipo, kwenye mitihani lipo, dukani watu wanasema kompyuta.

Kichomeko halidai hayo. Linataja kazi ya mkono, na "cha mwanga" linataja kinachopita. Wapo wanaolitumia kwa plagi ya umeme, ila madukani "plagi" lilishinda kitambo. Nimechagua mwanga badala ya nuru kwa kuwa nuru imezoea misikiti, makanisa na mashairi. Kweli, mwanga wenyewe hauonekani kwa macho, na ndiyo sababu fundi asichungulie tunduni eti haoni kitu. Faiba naiacha ilivyo. "Mkongo" wa Watanzania unaifaa zaidi ile kebo kuu ya taifa.

Jina hilo pia linatuwezesha kukitenga kichomeko cha PON, kinachowasumbua wengi. Faiba ya mtaani, yaani PON, huwa uzi mmoja uliogawanywa kwa wateja kadhaa, huenda 32 au 64, kwa kigawanyi kisichotumia umeme, na kampuni hukupa kisanduku chake cha kukaa mwisho wa uzi. Ofisi yenye ruta yake ingependa kukiruka kisanduku na kuchomeka moja kwa moja. Kichomeko cha kazi hiyo kina umbo lile lile, lakini tundu ni moja: kwenye PON ya aina ya GPON hupokea nanomita 1490 na kutuma 1310 katika uzi huo huo. Cha tundu moja kisicho cha PON kitaingia bila shida na hakitafanya kazi, kwa sababu kwenye PON wateja hutuma kwa zamu zinazopangwa na mtambo wa kampuni. Cha PON kimebeba kompyuta ndogo ya kuzifuata zamu hizo, ndiyo maana hupata moto, na kina namba yake. Namba hiyo isiposajiliwa na kampuni, mwanga utaingia, taa ya ruta huenda ikawaka, na intaneti haitakuja.

Kabla ya kugombana na kampuni juu ya usajili, soma kwenye ruta kiasi cha mwanga unaopokelewa. Kwa GPON ya kawaida, kati ya dBm −8 na −27 ni salama. Ukikuta −30, pangusa ncha ya faiba kwanza. Kiini cha uzi kina upana wa mikromita 9 hivi, na Webuye ya Januari ina vumbi la kutosha.