Vijisahani vya Pembeni: Kutoka Achari ya Magongo hadi Mkunga wa Gochang

Barabara ya Magongo mjini Mombasa, inayopanda kutoka Changamwe kuelekea uwanja wa ndege wa Moi, ni njia ya wasafiri. Malori ya bandari, matatu na tuktuk hupishana hapo usiku na mchana, na jioni majiko ya makaa huwashwa kandokando ya lami. Samaki wa kuchoma akiletwa mezani haji peke yake. Huja na kachumbari, ndimu iliyokatwa, achari ya embe na ukwaju uliokorogwa na pilipili. Ni hivi vijisahani ninavyotaka kuvisimulia, maana umri wake unaipita barabara hii, unaipita reli, unaipita hata Fort Jesus.

Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, aliteremka pwani hii. Mogadishu alipokewa kama mgeni wa sultani, naye akaandika alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando ya sinia palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji walikula tonge la wali, kisha wakaonja kidogo katika hivyo vikali na vichachu. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona chakula kikuu cha watu ni ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje ya kisiwa, na ndimu zikiwa tele. Huu ni ushahidi wa karibu miaka 700, nami nashangaa jinsi tunavyoutaja mara chache tunapozungumzia chakula chetu.

Vile vichala vya pilipili vinahitaji kuangaliwa vizuri. Pilipili ya kuwasha tunayoitia kwenye kachumbari asili yake ni Amerika, na mwaka 1331 haikuwa imevuka bahari. Inaelekea alichokiona ni pilipili manga mbichi, ambayo huzaa vichala na hutoka upande wa India. Nyanya nayo ni ya Amerika. Mreno Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Enzi hizo za Wareno ndizo zilizotufungulia mlango wa pilipili, mihogo na mahindi. Ukwaju haukuletwa na mtu. Ni mti wa Afrika, na ladha yake ilikuwa hapa kabla ya wageni wote hao.

Wareno hao hao walifika Japani mwaka 1543. Wanahistoria wengi wanaeleza kwamba pilipili iliingia Korea kutoka Japani, karibu na vita vya Japani na Korea vya 1592 hadi 1598, yaani miaka ile ile mawe ya Fort Jesus yalipokuwa yakipangwa. Mwanazuoni wa Korea, Yi Su-gwang, aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1614. Kabla ya hapo kimchi, achari ya mboga ya Wakorea, ilikuwa ya chumvi isiyo na wekundu wa pilipili. Kwa hiyo pwani yetu na Korea zote zilikuwa na achari zao tangu zamani, na zote zikapokea pilipili kwa mkondo mmoja wa biashara ya meli.

Matunda ya mkondo huo msafiri huyakuta leo Gochang, kusini magharibi mwa Korea Kusini, karibu na hekalu la Seonunsa. Mji huo unasifika kwa samaki aina ya mkunga wa kuchoma. Mkunga hupasuliwa, mfupa ukatolewa, akalazwa juu ya makaa kwa chumvi tupu au akapakwa gochujang, rojo nzito ya pilipili na soya iliyochachushwa. Kabla hajaiva meza huwa imeshajaa: kimchi, figili ya siki, vitunguu saumu, majani mabichi ya kkaennip, tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nywele. Vijisahani hivyo havilipiwi peke yake, na vikiisha huongezwa. Mlaji hushika jani, huweka kipande cha mkunga na tangawizi, hukunja, hutia kinywani kwa mara moja. Mkunga ana mafuta mengi. Bila tangawizi na siki ungeshiba haraka na kukinai.

Anayejua samaki wa kupaka ataielewa meza hiyo bila mkalimani. Changu au tafi hutiwa chanjo, akasuguliwa saumu, tangawizi, ndimu na chumvi, akawekwa motoni. Pembeni tui zito limechemshwa na ukwaju na pilipili. Samaki hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka tui likauke juu ya ngozi na kushika rangi. Hapa mafuta ni ya nazi, na kazi ya kuyakata ni ya ukwaju.

Mikunga nasi tunayo. Iko ya mwambani, na iko ya mito ya Tana na Athi, inayozaliwa baharini na kupanda maji baridi ikiwa midogo, sawa na jamaa zake wa Korea. Ila kwenye majiko ya Magongo mfalme ni changu.

Mwaka 2013 UNESCO iliingiza kwenye orodha yake ya urithi desturi ya Wakorea ya kutengeneza kimchi na kugawana. Kenya nayo ilitambuliwa mwaka 2021 kwa mradi wa kuhifadhi vyakula vya asili, ulioanzia kwa Waisukha na Wapokot wa Mashariki. Kazi ile ni njema, na naitaka ifike pwani. Nataka wanafunzi wa Changamwe watumwe na daftari kwa mama zao na nyanya zao, waulize embe za achari huchumwa zikiwa changa kiasi gani, chumvi hutiwa mara ngapi, hukaa juani siku ngapi, na kwa nini mwingine hutia uwatu na jirani yake hatii.